AC ya Gari la Zamani Haipozi? Usianze na Gesi

Desemba ikiingia Dar es Salaam, simu yangu huanza kulia kwa swali moja: "Kaka, AC yangu inatoa upepo tu, kujaza gesi bei gani?" Anayeuliza ameshajipima mwenyewe na dawa ameshajiandikia, amebakiza kujua bei. Nami humjibu kwa swali: gesi ya mwaka jana ilikwenda wapi?

Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Gari lenye miaka ishirini hupoteza kidogo kupitia mipira iliyochoka, sawa, lakini halimalizi gesi yote kwa msimu mmoja. Ikiisha upesi, kuna tundu. Na kama haijapungua, kuiongeza ni kuiharibu AC iliyokuwa nzima.

Nayasema haya kwa uchungu. Corolla yangu ya mwaka 1998 ilijazwa gesi mara tatu kiangazi kimoja, gereji tatu tofauti, na kila mara ilipoza siku mbili za kwanza, au nilijiaminisha hivyo kwa sababu nilishalipa. Ugonjwa wenyewe nitakwambia kwenye hatua ya 7, na haukuhitaji spea hata moja.

Mwongozo huu unafaa Corolla, Carina, Spacio, IST, Vitz, RAV4 za zamani na ndugu zao wa Nissan na Honda. Yaani magari ambayo kompresa (pampu ya AC) yake inazungushwa na mkanda wa injini. Wenye haibridi kama Prius na Aqua, fanyeni hatua ya 1 hadi ya 4 tu, kisha mruke hadi swali la mwisho.

Nadharia, aya moja tu

AC inahamisha joto. Evapareta, iliyojificha nyuma ya dashibodi, inanyonya joto la ndani ya gari. Kompresa inaisukuma gesi yenye joto hilo hadi kwenye kondensa, ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele kabisa, na feni inalipeperusha joto nje. Kisha gesi inapita kwenye kitundu chembamba cha valvu, inapoa ghafla, inarudi kwenye evapareta. Joto likishindwa kutoka pale mbele, huku ndani hakutapoa hata ukijaza gesi ya duka zima.

Andaa hivi

- Kipimajoto cha sindano, kile cha jikoni cha kuchomeka kwenye nyama. Bila hiki utabaki unasema "naona kama imepoa".
- Tochi yenye mwanga mkali.
- Mpira wa maji wa bustani, au chupa ya kupulizia maji.
- Mswaki wa zamani na brashi laini ya kupakia rangi.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sponji.
- Bisibisi, na fyuzi mbili tatu za akiba zenye ukubwa ule ule wa gari lako.
- Miwani ya kukinga macho na glavu.
- Karatasi na kalamu.
- Mtu mmoja wa kukaa ndani ya gari.

Geji za kupimia presha si lazima. Ukiwa nazo, zitakusaidia hatua ya 9.

Kabla hujafungua boneti: vua tai, funga nywele, kunja mikono ya kanzu au shati. Injini ikiwaka, mkanda na feni havina huruma, na feni ya umeme inaweza kujiwasha yenyewe hata ulipodhani imelala. Kazi zote za kuingiza mkono zifanye injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Egesha gari kivulini, fungua milango yote kwa dakika mbili hewa ya tanuri itoke. Washa injini, funga milango na vioo, washa AC, weka baridi ya mwisho na feni ya ndani namba ya juu. Bonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojizungusha ndani yake. Chomeka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi.

Mwenzako akanyage mafuta taratibu hadi mshale wa mizunguko usimame kwenye 1,500. Subiri dakika tano, andika namba. Aachie mafuta, injini ingurume yenyewe dakika tano nyingine, andika. Kisha endesha dakika kumi barabara isiyo na foleni, andika namba ya tatu.

Siku ya nyuzi 32 na unyevu wetu wa pwani, mimi huridhika na gari la zamani likitoa nyuzi 7 hadi 10 likiwa linakwenda, na 10 hadi 13 likiwa limesimama. Likipita 15 huku linakwenda, lina tatizo. Usijilinganishe na jamaa wa video anayeonyesha nyuzi 4. Huenda yuko mahali pakavu. Hapa sehemu kubwa ya nguvu ya AC inaishia kukamua maji hewani, ndiyo yale yanayodondoka chini ya gari ukiegesha. Gari hilo hilo likipelekwa Dodoma litakushangaza.

Ziangalie namba zako tatu, maana ndizo zitakazokuelekeza:

Kama inapoza ukitembea lakini foleni ya Tazara inakuacha ukijipepea na gazeti, nenda hatua ya 4 na 5. Kama upepo wenyewe ni dhaifu ingawa ni wa baridi, nenda hatua ya 3. Kama asubuhi inapoza vizuri dakika tano za mwanzo kisha inalegea kadiri injini inavyopata moto, soma hatua ya 6 na ya 7. Na kama ni joto tupu muda wote, fuata hatua zote kwa mpangilio, usiruke.

Hatua ya 2: Kile kitufe cha mshale

Ni aibu kuiandika hatua hii, lakini karibu robo ya walioniletea magari waliponea hapa. Kitufe kikiwa kwenye hewa ya nje, AC inapambana na joto la barabara nzima, pamoja na moshi wa daladala iliyo mbele yako. Ukizungusha hewa ya ndani, inapoza hewa ambayo imeshaipoza tayari.

Gari lililochomwa na jua lina hewa ya ndani yenye joto kuliko ya nje. Kwa hiyo dakika moja mbili za kwanza endesha vioo vikiwa wazi, joto litoke. Kisha funga vioo, ndipo ubonyeze kitufe. Sikiliza nyuma ya dashibodi upande wa abiria: kuna mlango mdogo unaosogea. Usiposikia kitu, au kama ni ya kuvuta kwa mkono na inateleza bila uzito, mlango huo umekwama au waya wake umechomoka.

Hatua ya 3: Filta ya ndani na njia ya maji

Fungua kisanduku cha mbele ya abiria, kitoe vitu vyote, bana kuta zake mbili kwa ndani ili kishuke chote. Kwenye Toyota nyingi kuna kimkono chembamba pembeni, kiachanishe taratibu. Nyuma yake utaona kifuniko cha plastiki kilicholala. Kibane, kivute, filta itatoka.

Jiandae kisaikolojia. Nimewahi kutoa majani ya mwarobaini, unyoya, na siku moja kiota cha panya chenye wenyewe ndani. Filta ikiwa nyeusi, nunua mpya. Kuikung'uta ni dawa ya siku mbili, na kuipuliza kwa upepo wa mashine ya gereji huichana katikati, vumbi likapita moja kwa moja hadi kwenye evapareta. Ukirudisha, mshale uliochorwa ubavuni uelekee ulivyokuwa.

Baadhi ya magari yaliletwa bila filta kabisa, nafasi ipo lakini tupu. Kama lako ni hivyo, filta ya miaka yote hiyo ni evapareta yenyewe. Mulika tochi kwenye nafasi hiyo: ukiona utando wa vumbi lililoganda kama zulia, gari linahitaji kuoshwa evapareta. Kuna dawa ya povu ya kupuliza, nayo husaidia kwa uchafu mwepesi. Uchafu mzito unataka dashibodi ishushwe, kazi ya fundi na ya siku nzima.

Ukiwa hapo chini, tafuta maji. AC ikifanya kazi robo saa katika hali ya hewa ya Dar, lazima kuwe na kidimbwi chini ya gari, karibu na miguu ya abiria wa mbele. Kusipodondoka kitu na kapeti ya abiria imelowa, mrija wa maji umeziba. Uko kwenye ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Pitisha waya laini wa plastiki kwa upole. Usitumie chuma cha spoku, utatoboa kitu usichokiona.

Hatua ya 4: Osha kondensa

Zima injini, acha ipoe. Mulika tochi kupitia grili. Kondensa ina mapezi membamba ya alumini, na kati ya mapezi hayo hewa inatakiwa kupita. Gari la safari ya Morogoro litakuwa na wadudu, la mtaa usio na lami litakuwa na udongo, na karibu kila gari la mjini lina kipande cha mfuko wa plastiki kimekaa kama pazia.

Lowanisha kwa maji ya mpira yasiyo na kasi kubwa. Pakaa sabuni kidogo, subiri dakika tano, sugua kwa brashi kufuata mapezi, kamwe usiyakate kati. Kama unaweza kuupitisha mpira nyuma, mwagia kutoka upande wa injini kuelekea nje, uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Angalia pia kati ya kondensa na rejeta. Pale hujikusanya tope ambalo ukitazama kwa mbele huwezi kuliona. Mapezi yaliyolala yanyanyue mojamoja kwa mswaki au kijiti.

Onyo: usimpe kijana wa kuosha magari kazi hii kwa mashine ya presha. Analaza mapezi yote kwa sekunde kumi na hutapata tena mahali hewa inapopita. Na usimwagie maji alteneta, ile mashine ya kuchaji betri.

Wakazi wa Kigamboni, Msasani, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ongezeni jambo moja: chumvi. Gusa mapezi kwa kidole. Yakimomonyoka kama biskuti, kondensa hiyo haioshwi, inabadilishwa.

Hatua ya 5: Feni ya mbele na jaribio la maji

Washa injini na AC, simama kando. Ndani ya sekunde chache feni ya kondensa iwake. Magari mengi madogo yana feni mbili na zote huzunguka AC ikiwashwa. Moja ikilala, tatizo umelipata: angalia fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme), kisha mota yenyewe.

Feni kuzunguka tu haitoshi. Mota ya zamani huzunguka kama mzee anayepanda ngazi: inafika, lakini imechoka. Shika karatasi mbele ya grili. Inatakiwa kuvutwa na kung'ang'ania. Ikidondoka, feni haina nguvu. Ikisukumwa kukuelekea wewe, kuna fundi aligeuza nyaya na feni inapuliza kinyumenyume. Usicheke, nimeikuta mara mbili.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Gari likinguruma limesimama, AC ikiwa ya mwisho, kipimajoto ndani, puliza maji kama mvua nyepesi juu ya kondensa kwa dakika mbili. Ukiona namba imeshuka nyuzi tatu au zaidi, gesi yako si mshukiwa wa kwanza. Umelisaidia joto kutoka, na AC ikaitikia. Rudia kuosha, au tafuta feni yenye nguvu. Ilala feni zilizotumika ni nyingi; sharti muuzaji aiwashe kwa betri mbele yako, na uilinganishe na mpya kwa sauti ya upepo.

Magari yenye feni inayozungushwa na injini, kama Hilux za zamani, yana klachi ya mafuta mazito katikati ya feni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono ukivaa glavu. Ikijizungusha huru kama pangaboi, klachi imekufa.

Hatua ya 6: Mkanda na klachi ya kompresa

Injini ikiwa imezimwa, kagua mkanda. Mipasuko, kung'aa kama kioo, au kulegea kupita kiasi ni dalili kwamba unateleza. Ukisikia mlio wa "kwiii" kila unapowasha AC, tayari umejibiwa.

Halafu washa injini na utazame uso wa kompresa kutoka mbali. AC ikiwa imezimwa, puli inazunguka lakini sahani ya katikati imetulia. Mwenzako akibonyeza AC, unasikia "tik!" na sahani inazunguka pamoja na puli.

Isiposhika kabisa, angalia fyuzi ya AC. Kisha badilishana rilei yake na ya honi kama zinafanana sura na namba. Kompresa ikiwaka na honi ikakata sauti, umeokoa pesa. Kama bado, huenda gesi imepungua mno na swichi ya presha inaizuia kompresa isijiue. Hiyo swichi ni rafiki. Fundi akikwambia "tuiunganishe moja kwa moja", mshukuru na uondoke, maana kompresa inalainishwa na mafuta yanayosafiri pamoja na gesi, na bila gesi inajisaga.

Ikishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, mara nyingi gesi ni kidogo.

Ikishika vizuri ikiwa ya baridi, kisha baada ya nusu saa ya jua inaachia na kugoma hadi ipoe, pima nafasi kati ya sahani na puli. Kwa kompresa nyingi za Denso nafasi hiyo ni kati ya milimita 0.35 na 0.65. Klachi iliyolika inafika milimita moja au zaidi, na sumaku ikipata joto inakosa nguvu ya kuivuta. Dawa yake ni kupunguza washa nyembamba ya duara iliyo chini ya sahani, kazi ya dakika arobaini. Wengi wameuziwa kompresa nzima kwa ugonjwa huu.

Hatua ya 7: Hita ambayo huijui

Hapa ndipo nilipoliwa mimi.

Nani Dar anawasha hita? Hakuna. Kwa hiyo hakuna anayekumbuka kwamba ipo, na kwamba maji ya moto ya injini yanapita nyuma ya dashibodi, sentimita chache kutoka kwenye evapareta. Kati yao kuna mlango wa kuchanganya, na magari mengi ya zamani yana pia valvu ya kuyafunga maji. Vyote viwili vinavutwa kwa waya unaotoka kwenye kile kidude cha bluu na nyekundu.

Waya wangu ulikuwa umechomoka kwenye klipu, valvu ikabaki wazi nusu. Kila asubuhi AC ilipoza vizuri hadi injini ilipopata moto, kisha hewa ya baridi ikapitishwa kwenye maji ya moto kabla ya kunifikia. Nilikuwa nimewasha kiyoyozi na jiko kwa pamoja, na gereji tatu zikaniongezea gesi.

Fanya hivi: zungusha kidude kutoka baridi hadi joto na kurudi, huku mwenzako akitazama valvu kwenye bomba la hita, karibu na ukuta wa injini. Kimkono chake lazima kitembee mwisho hadi mwisho. Kama gari lako halina valvu hapo, chungulia mlango wa kuchanganya kwa tochi chini ya dashibodi upande wa dereva. Baada ya injini kupata moto, kidude kikiwa kwenye baridi, lisogelee kwa uangalifu bomba la pili baada ya valvu: likiwa la moto kama la kwanza, valvu haifungi. Rudisha waya kwenye klipu yake, kaza, pima tena.

Hatua ya 8: Tafuta gesi inapovujia

Sasa, na ni sasa tu, tuzungumze gesi.

AC ikiwa imewaka dakika kumi, gusa bomba nene linalorudi kwenye kompresa. Liwe la baridi na linatoa jasho kama chupa ya soda. Bomba jembamba linalotoka kwenye kompresa litakuwa la moto wa kuunguza, hilo usiliguse. Bomba nene likiwa vuguvugu na kompresa inazunguka, gesi inashukiwa kweli.

Zima injini. Mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi, na vumbi hushikana nayo. Kwa hiyo tafuta madoa meusi ya utelezi kwenye maungio ya mabomba, mbele ya kompresa nyuma ya klachi, pembe za kondensa, na vali za kujazia. Paka povu la sabuni sehemu hizo, subiri, tazama mapovu yanayokua. Valvu za kujazia ndizo wakosaji wakubwa wasiotajwa. Vifuniko vyake vya plastiki vilipotea miaka mingi, na kiini cha ndani kimelegea.

Baadhi ya magari yana kioo kidogo juu ya draya, kile kichupa cha chuma kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo. Mapovu mengi yasiyoisha yanaashiria gesi pungufu. Kioo kikiwa safi, usishangilie: kinaweza kuwa kimejaa, au kitupu kabisa.

Hatua ya 9: Kwa fundi, na mdomo wako

Kujaza gesi unamwachia fundi mwenye vifaa. Lako ni kujua cha kudai.

Soma stika chini ya boneti. Itakuambia aina na uzito; magari mengi yaliyotengenezwa kati ya miaka ya katikati ya 1990 na 2015 hivi yanatumia R134a, na madogo huchukua kama gramu 400 hadi 600. Ya kabla ya hapo yanaweza kuwa ya R12. Zisichanganywe.

Mwambie fundi akarabati tundu kwanza. Kisha avute hewa kwa pampu si chini ya nusu saa, afunge geji, asubiri robo saa kuona kama mshale unapanda. Ukipanda, bado kuna tundu. Halafu apime gesi kwa mizani, kwa gramu. Fundi anayejaza "mpaka bomba litoe jasho" anabahatisha kwa pesa yako. Mfumo ukikaa wazi, draya ibadilishwe.

Ukiwa na geji zako, kwa nyuzi 32 na mizunguko 1,500, upande wa chini usome takribani psi 30 hadi 45 na wa juu 200 hadi 250. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, imejazwa kupita kiasi au kondensa haipumui, kwa hiyo rudi hatua ya 4. Ya chini ikiwa juu na ya juu ikiwa chini, kompresa imechoka. Ya chini ikizama hadi sifuri, kuna kuziba, mara nyingi valvu. Na geji zote zikisoma karibu psi 100 huku injini imezimwa, hiyo ni presha ya kawaida ya R134a katika joto letu. Haikuambii gesi ni kiasi gani, ila tu kwamba bado ipo.

Maonyo ambayo sitayalainisha:

- Usikubali gesi ya mtungi wa kupikia. Inapoza, ndiyo. Inalipuka pia, na evapareta iko ndani pamoja na watoto wako.
- R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikirukia jichoni inaweza kukupofusha. Vaa miwani.
- Kopo la gesi haliunganishwi upande wa presha ya juu, linapasuka mkononi.
- Dawa za kuziba matundu zinaziba na visivyotakiwa kuzibwa, pamoja na mashine ya fundi.

Maswali yanayorudi kila wiki

*Inapoza vizuri, baada ya nusu saa upepo unakufa, nikizima dakika kumi inarudi.* Evapareta inaganda barafu. Angalia filta kwanza, halafu kihisi cha baridi kilichochomekwa kwenye evapareta. Gesi pungufu nayo huleta hivi.

*Upande wa dereva baridi, wa abiria vuguvugu.* Kwa gari lenye kidude kimoja cha joto, gesi pungufu, mara nyingi. Kwa lenye viwili, mlango wa kuchanganya wa upande mmoja.

*Nikiwasha AC gari linachemsha.* Zima AC, hilo kwanza. Kisha feni, rejeta na kondensa. Hiyo ni shida ya injini inayojionyesha kupitia AC, usiiendee kwa fundi wa gesi.

*Inanuka kama soksi.* Kuvu kwenye evapareta. Povu la kusafishia, filta mpya, na uwe unazima AC dakika tatu kabla ya kufika, ukiacha feni ya ndani ikaushe.

*Upepo unatoka namba nne tu, moja hadi tatu kimya.* Rizista ya feni ya ndani imeungua. Iko karibu na feni hiyo, skrubu mbili.

*Kompresa inanguruma kama mashine ya kusaga.* Usiiwashe tena hata kidogo. Ikivunjika inamwaga chembe za chuma mfumo mzima, na hapo utabadilisha kondensa na draya pia.

*Nina Aqua, naweza kufungua kompresa?* Hapana. Ya haibridi inazungushwa na umeme wa mamia ya volti kupitia nyaya za rangi ya chungwa, na mafuta yake ni ya aina tofauti yasiyopitisha umeme. Mfumo ukijazwa mafuta ya kawaida kupitia kopo la gesi, gari linaweza kuonyesha hitilafu ya umeme kuvuja na kugoma kuwaka. Lipeleke kwa anayejua haibridi, na kabla hajachomeka geji zake, muulize mipira yake ilitumika mwisho kwenye gari gani.